Ugonjwa Waliouita Bawasiri

Watu wa dini husema kisasi ni cha Mungu. Nimelisikia neno hilo katika makanisa mawili, la Kianglikana kule ziwani nilikozaliwa na la Kikatoliki huku milimani Mbinga nilikoolewa, na sijawahi kubishana nalo. Ila mimi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kusahau. Mwaka ule nilipougua mahali pasipotajwa mbele za watu, niliona Mungu ana shughuli nyingi, nikaona si vibaya nikimsaidia kidogo.

Ilianza wakati wa mavuno ya kahawa. Nilikuwa nimekaa chini kwenye turubai na mama mkwe wangu, tunachambua kahawa, nikasikia muwasho kwenye njia ya haja kubwa. Nikajikausha. Baada ya siku chache muwasho ukawa maumivu, kama kuna kidonda kibichi ndani. Haja ilinibana kila mara, nikikimbilia chooni natoka na ute mtupu, siku nyingine ute wenye damu. Nguo ya ndani ilikuwa na usaha. Nayaeleza haya waziwazi, anayeona kinyaa afumbe macho, kwa maana kunyamaza ndiko kulikonitesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mama mkwe aliniona ninavyokaa upande mmoja. Hakuniuliza sana. "Bawasiri hiyo, mwanangu," akasema, huku mikono yake ikiendelea na kahawa. "Mnakalia mawe yaliyochomwa na jua, halafu wewe na biashara yako ya samaki, unapanda magari umekalia magunia. Unategemea nini?"

Huku kwetu kila kinachouma upande huo ni bawasiri, kama vile kila kinachouma tumboni ni vidonda vya tumbo. Jina likishatolewa hakuna anayelikagua tena. Mama mkwe akaniwekea chungu cha majani yaliyochemshwa, akanifunika kanga, akaniamuru nikalie mvuke asubuhi na jioni. Niliungua ngozi ya nje, ndani pakabaki vilevile. Nikaenda duka la dawa, nikanunua dawa ya kupaka. Nikaenda zahanati, nikamkuta tabibu mwanamume wa makamo, meza katikati yetu, nikamwambia nina bawasiri. Akaniandikia dawa ya bawasiri, akaniambia nile mapapai kwa wingi na ninywe maji. Hakuniambia nivue, nami sikumwambia anitazame. Tuliheshimiana vizuri sana, na ugonjwa ukazidi kunenepa.

Jumuiya yetu ndogondogo nayo haikuachwa nyuma. Kila Jumamosi asubuhi familia za jirani hukutana nyumba kwa nyumba, kwa zamu, kusali na kusikiliza Neno, na wagonjwa hutajwa ili waombewe. Mama mkwe akanitaja. Tangu hapo ikawa kila ninayekutana naye njiani, hata wanaume, ananisalimia, "Pole na bawasiri, mama." Nilikuwa naitikia ahsante huku natamani ardhi ipasuke.

Na mume wangu? Mume wangu alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe. Anapakia mgodini Ngaka, anakwenda mpaka Makambako na kwingine mbali zaidi, anarudi nyumbani kwa siku mbili tatu, uso na kope vyeusi kwa vumbi. Katika ugonjwa wangu alikuwa mpole kupita kiasi. Aliniletea machungwa. Akawa analala kwenye kochi sebuleni, eti asije akanigusa akaniumiza. Mimi mjinga nikamsifia kwa wanawake wenzangu kwamba nimepata mume mwenye huruma. Hadi leo nikikumbuka sifa zile, shingo inaniwaka moto.

Siku moja nilishuka ziwani kununua usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, wa kuja kuuza Mbinga. Gari lilipoanza kuteremka zile kona, kila lilipotupwa nilijishikilia kwenye bomba la juu garini ili nisikalie kitu. Karibu na chini nikashindwa. Nikamwomba dereva anishushe, nikatembea sehemu iliyobaki, machozi yananitoka bila mimi kuyaita. Kabla ya kufika sokoni kuna kituo cha afya kimoja, kinatazama maji. Nikasema moyoni, hapa hakuna anayenijua kama mke wa mtu, hapa hakuna jumuiya. Nikaingia.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi. Nikamwambia nina bawasiri.

"Nani aliiona?" akaniuliza.

Katika watu wote walioipa jina na kuiombea, hakuna aliyewahi kuiona.

Akafunga mlango, akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza. Akasema, "Mama, nitakuuliza maswali ya chumbani. Namuuliza kila mtu mwenye dalili hizi, kwa hiyo usinikasirikie." Akauliza juu ya ute, usaha, damu, homa. Akauliza kama nina mwanaume mwingine zaidi ya mume. Nikasema hapana. Halafu akaniuliza, kwa sauti ileile ya kuulizia homa, kama nimewahi kuingiliwa kwa nyuma.

Nikasimama. Nikashika kikapu changu. Nikamwambia mimi ni mke wa ndoa, nimefunga ndoa kanisani, na kwamba kama maswali yenyewe ndiyo haya basi bora nikakalie chungu changu.

Hakutikisika. "Kaa, mama. Hata ungesema ndiyo, dawa ni ileile, na mimi ningekutibu kwa mikono hiihii. Nauliza ili nijue pa kutazama."

Nikakaa, kwa ubavu kama kawaida yangu. Nikamjibu hapana, sijawahi.

Akanilaza kitandani kwa ubavu wa kushoto, magoti nimeyakunja kifuani, akanifunika shuka ikabaki sehemu ndogo tu. Akavaa glovu. Kila alichotaka kufanya alinieleza kwanza: sasa nitagusa, sasa utasikia ubaridi, sasa naingiza kibomba kidogo ili nione ndani, pumua. Iliuma. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu mavuno mtu kutazama panapouma, na nikajikuta nalia kwa jambo ambalo halikuwa maumivu. Akasema hakuna bawasiri yoyote. Alichokiona ni utando wa ndani umevimba, mwekundu, na usaha umetanda juu yake. Akachukua usaha kidogo kwa kijiti chenye pamba, kisha akapima na mbele pia, akapaka kwenye vipande vya kioo, akavipeleka maabara chumba cha pili. Wakanitoboa kidole kupima Ukimwi na kaswende.

Vipimo vya damu vilikuwa safi, ingawa aliniambia nirudi baada ya miezi kadhaa kupima tena. Vile vya kioo havikuwa safi. Akaniita nije nitazame mwenyewe kwenye hadubini. Niliinamisha jicho, nikaona vitu vidogo vyekundu vimekaa viwiliviwili, ubapa kwa ubapa, kama buni mbili ndani ya tunda moja la kahawa. Mtu wa Mbinga huwezi kumdanganya kwa umbo hilo.

"Hicho ni kisonono," daktari akasema. "Gono."

"Gono inakaa huko?"

"Inakaa popote penye utando laini na unyevu. Kwa mwanamke inaweza kukaa mbele kimya kabisa, haina hata dalili. Majimaji ya mbele yakishuka, yanaibeba mpaka nyuma. Si lazima mtu awe amekuingilia huko. Wengine huipata kwa njia hiyo, wewe si lazima. Mumeo ana mke mwingine?"

"Ana lori," nikamjibu.

Alinichoma sindano ya tako, moja, nzito, ikaacha mguu umekufa ganzi. Akanipa na vidonge vya kapsuli, kutwa mara mbili kwa wiki nzima, nile kwanza, nimeze na maji mengi, nisijilaze papo hapo. Akasema vidonge ni kwa ajili ya mdudu wa pili, klamidia, ambaye mara nyingi hufuatana na huyu wa kwanza na hadubini yao haimwoni. Akasisitiza jambo moja kuliko yote: nimlete mume. Tusikutane kimwili mpaka wote wawili tumemaliza dawa, la sivyo tutakuwa tunarushiana ugonjwa kama mpira.

Nilipanda mlima na usipa wangu na bahasha ya vidonge. Ndani ya siku tatu usaha ulikauka. Nilikaa kwenye kigoda, matako yote mawili, nikamshukuru Mungu. Kisha hasira ikaja. Nilikuwa nimeipangia maneno yote, namsubiri mume arudi safari nimkalishe.

Aliniwahi. Alirudi mimi nikiwa sokoni, akatafuta shati lake kabatini, akaikuta bahasha katikati ya nguo zangu. Mimi nilipofika nyumbani hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda kwa baba yake mkubwa, mkubwa wa ukoo, kushtaki kwamba mke wake ameleta gono ya nyuma kutoka ziwani.

Sijui habari ilitembea kwa miguu gani. Kesho yake asubuhi bombani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yangu. Mmoja akaimba kidogo juu ya watu wa ziwani na tabia zao, wengine wakacheka chinichini. Yale yale makoo yaliyoniombea bawasiri! Mama mkwe aliacha kula chakula nilichopika. Alikaanga yai lake peke yake, kwenye moto wake, akalila akinitazama.

Wamatengo, kabila la mume wangu, wana desturi yao ya tangu kale, sengu, ambayo koo nyingine bado zinaishika: wanaume wa ukoo wanakutana, wanakula pamoja, wakishanawa wanasema yaliyopo. Jumapili baada ya misa wakakaa kwa ajili yangu. Niliitwa walipomaliza kunawa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nikapiga magoti, nikawasalimu shikamoo, wakaitikia marahaba kwa sauti za chini kama watu wa msibani.

Baba mkubwa hakuzunguka. "Mkwe wetu, mumeo anasema una ugonjwa wa aibu, na mahali ulipo ni aibu zaidi. Anasema haujatoka kwake. Kama ni kweli, tutakusindikiza kwenu ziwani kwa heshima. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Binti yetu alikuwa darasa la tatu. Nilimsikia nje anaruka kamba na binamu zake, anahesabu kwa sauti. Wangeweza kuchukua nyumba, wangeweza kuchukua kahawa niliyoipalilia kwa miaka, lakini kwa mtoto nilikuwa tayari kung'ata mtu.

Mume wangu akatoa bahasha mfukoni, akamwaga kapsuli kwenye sinia mbele ya wazee. "Ushahidi ndio huu."

"Baba," nikamwambia baba mkubwa, "naomba kuuliza swali moja."

"Uliza, mwanangu."

"Mimi sijamwambia mtu yeyote hapa nimeambiwa nina nini. Bahasha ina maandishi ya kutwa mara mbili tu, hakuna jina la ugonjwa. Kwenu nyote mimi ni mgonjwa wa bawasiri. Huyu mwenzangu amejuaje kuwa ni gono?"

Mume wangu akasema vidonge hivyo vinajulikana, ni vya gono. Baba mkubwa akaokota kimoja, akakisogeza karibu na jicho, akakigeuza. Akapandisha suruali yake taratibu mpaka chini ya goti, tukaona kovu la kidonda lililokuwa limemsumbua mwaka mzima.

"Hivi ndivyo walivyonipa mimi kwa mguu huu," akasema. "Kwa hiyo na mimi nina gono ya ugoko?"

Wazee wawili wakacheka, kisha wakajikohoza. Baba mkubwa hakucheka. Alimgeukia mtoto wa ndugu yake.

"Wewe uliviona wapi vikitumika kwa gono?"

"Kuna rafiki yangu, dereva mwenzangu..."

"Nyani haoni kundule," baba mkubwa akamkatiza. "Nendeni wote wawili hukohuko kwa huyo daktari. Mkirudi mtasema. Mpaka hapo hakuna anayesindikizwa popote."

Tulishuka ziwani kwenye gari la mizigo, tumekaa mbele, dereva katikati ya maneno yetu ambayo hatukuyasema. Daktari alimwona mume wangu peke yake kwanza. Baadaye akatuuliza kama tunakubali kuzungumza pamoja. Mume wangu akainua mabega. Nadhani aliona hawezi kukataa mbele yangu.

Ikatoka kidogokidogo, kama mtu anayetolewa mwiba. Kabla ya mavuno alisikia mkojo unachoma, usaha ukamtoka. Akaingia zahanati moja njiani, huko mbali, wakamchoma sindano, wakampa kapsuli. Akapona. Alipoona mimi nimeanza kukaa upande alihisi, lakini watu wakasema bawasiri, naye akaona Mungu amemfunika.

"Kule walikokutibu," daktari akamuuliza, "walikuambia umlete mwenzi wako?"

"Waliniambia."

"Ukawajibu nini?"

Akatazama sakafu. "Niliwaambia sijaoa."

Nimepigwa maneno mengi maishani. Nimeitwa mchawi wa soko, nimeitwa mtu wa ziwani kama vile ni tusi. Hakuna lililoingia mahali lilipoingia lile. Mimi nimekalia chungu, ngozi inabanduka, natajwa kwenye sala za kila Jumamosi, na kumbe kuna mahali njiani mimi sikuwahi kuwepo. Nilitaka kumrukia. Nilitaka ile sindano iwe ndefu kama mwiko wa ugali. Daktari alimpima tena, akasema dalili hana lakini atatibiwa kama mimi, kwa sababu safari za lori hazikukoma. Nikiwa kwenye benchi nje nilimsikia akipiga kelele wakati dawa inaingia. Mkuki kwa nguruwe. Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye mtoto mchanga akahama benchi.

Kabla ya kuondoka nilimwomba daktari aniandikie barua kwa wazee wa ukoo, aeleze nani alianza. Alikataa.

"Yanayosemwa chumba hiki hayatoki kwangu, yako wala yake," akasema. "Ya kwake ni ya mdomo wake. Ya kwako, mama, ni ya mdomo wako. Hayo hakuna anayeweza kukuzuia."

Nililichukua neno lile nikalifunga kwenye pindo la kanga, kama mtu anavyofunga nauli.

Njiani mume wangu alinibembeleza. Tuseme tumetibiwa wote, basi. Yeye ataondoa mashtaka, mimi nitabaki, mtoto atabaki, kuna faida gani kuchimba? Sikumjibu, akadhani nimekubali. Mbele ya wazee alisimama akasema, "Tumetibiwa wote wawili. Nimemsamehe mke wangu. Yaishe."

Amenisamehe! Nilisubiri baba mkubwa aulize nani alianza, swali lile alilotupa kazi ya kwenda kulijibu. Hakuuliza. Nilimwona usoni kwamba amejua, na kwamba kujua kwake kumemtosha. Wazee wakafurahi kuwa nyumba haikuvunjika, wakasema ndoa ni kuvumiliana, wakaomba pombe. Nikamfuata baba mkubwa nje, nikamwomba angalau aseme neno moja kwa wanawake wa bombani, au kwa mama mkwe.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mambo ya chumbani hayatolewi nje."

Yangu yalikuwa yameshatoka, yamezunguka kilima chote na kurudi. Ya mume wangu ndiyo yaliyokuwa chumbani, yamefunikwa blanketi. Wiki ile nilipoweka ndoo bombani bado walisogeza zao. Mama mkwe alianza tena kula chakula changu, lakini akitafuna alikuwa kama mtu anayemsamehe mtu. Na mume wangu akaniletea kitenge kizuri, cha samawati, akakiweka kitandani bila kusema neno. Nilikipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Nikamwambia akishone vizuri, nina shughuli Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Walikuja wengi kuliko kawaida, maana watu hupenda kuona nyumba iliyonusurika inafanana vipi ndani. Waume walikaa kwenye viti na makochi, wake kwenye mikeka. Mume wangu, ambaye safari yake iliahirishwa kwa ubovu wa lori, alikaa karibu na mlango, rozari mkononi, ametakata kama bwana harusi. Tukasali, tukasoma Neno, tukaombea wagonjwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye shukrani.

Shukrani hazikatazwi. Anayeshukuru hakatizwi. Nikasimama na kitenge changu kipya.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," wakaitikia.

"Ndugu zangu, mliniombea bawasiri miezi mingi, nawashukuru sana. Nataka mjue Mungu alisikia, ila mlikuwa mnamwomba aondoe kitu ambacho hakikuwepo. Sikuwa na bawasiri. Nilikuwa na kisonono."

Mtu mmoja aliangusha kitabu cha nyimbo. Mama mkwe akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Kisonono kilikuwa mbele, kikashuka mpaka nyuma, daktari amenieleza kinavyokwenda. Nikatokwa na ute, na usaha, na damu, nikawa nasikia haja isiyokuja. Akina mama, yeyote anayeyaona hayo kwake asikalie chungu. Aende, avue, aombe atazamwe kwa macho. Ni sindano na vidonge vya wiki moja, basi. Mimi leo nimekaa mkekani na ninyi, mmeniona nilivyokaa."

Mwenyekiti aliinuka nusu, akakaa tena. Angesema nini, kwamba nakatazwa kumshukuru Mungu?

"Mimi tangu niolewe sijamjua mwanaume mwingine, hilo nalisema mbele ya msalaba ule. Basi namshukuru kwa namna ya pekee mume wangu." Nikageuka, nikamnyooshea mkono kwa heshima, kama tunavyomwonyesha mgeni rasmi. "Wanaume wengi hukataa kupimwa. Yeye alikubali. Tulishuka naye ziwani, akachomwa sindano kama mimi, akameza dawa kama mimi. Ya kwangu nimeyasema. Ya kwake atayasema mwenyewe akipenda, yuko hapo, Mungu amtie nguvu. Naomba tumwambie amina."

"Amina," wakasema, kwa mazoea, kabla hawajafikiri. Na yeye mwenyewe akasema amina, mikono ikizungusha rozari kinyumenyume.

Nilikuwa nimengojea macho yao yamwangukie. Niliyaota macho yale usiku baada ya usiku, wale wanawake wa bombani wamegeuka wote kwa pamoja kumtazama, naye hana pa kuuweka uso. Nikainua kichwa kuvuna.

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Pale mkekani, mmoja baada ya mwingine, kila mwanamke alikuwa amegeuza shingo, anamtazama wa kwake.